Nimemshika Bumblebee wa 1984, na Simweki Chini

Vuta miguu. Vuta mikono. Inua kichwa. Kwisha kazi!

Kwisha kabisa! Kigari cha njano kilichokuwa mezani kimesimama kwa miguu miwili, na mimi mtu mzima mwenye kodi ya nyumba na presha ya kurithi, nacheka peke yangu sebuleni. Narudisha kichwa, nasukuma mikono, nasukuma miguu, gari. Navuta tena, roboti. Gari. Roboti. Chai imepoa, simu imeita ikakata, na sina habari nayo.

Mabibi na mabwana, huyu ni Bumblebee. Simsemi yule wa sinema ya 2007 aliyevaa mwili wa Camaro, wala hao waliofuata wenye mabawa ya milango mgongoni. Huyu ni wa kwanza, wa mwaka 1984, mwaka ambao Hasbro ya Marekani ilizindua vichezeo vyake vya Transformers. Ni Folksi, ile tunayoiita mgongo wa chura, iliyobanwa mbele ikabanwa na nyuma mpaka ikabaki fupi, nene, yenye matairi makubwa kuliko mwili wake unavyostahili. Ukimweka kiganjani vidole vinafunga. Na kitu cha kwanza nilichokigusa, kabla hata ya kumgeuza, ni matairi: ni ya mpira! Mpira wa kweli, mweusi, unaokwama kidogo ukiukwaruza kwa ukucha. Kichezeo cha bei ya chini cha miaka arobaini iliyopita, na mtu fulani kiwandani aliona haifai kukipa magurudumu ya plastiki tupu.

Niseme wazi ninakotokea ili mjue tathmini hii ina uzito gani. Rafu yangu ina maroboti ya kila aina. Yapo yenye kijitabu cha maelekezo kirefu kama mkataba wa benki, ambayo ukitaka kuyageuza unatenga jioni nzima na kuomba dua usisikie "tak!" ya kipande kinachovunjika. Nayapenda. Lakini nikiri: mengi yamesimama palepale nilipoyasimamisha siku ya kwanza, vumbi limeyakalia mabegani, kwa sababu kuyarudisha kuwa magari ni kazi ya kufikiria. Bumblebee huyu hajapata nafasi ya kukaa rafuni. Amekuwa mfukoni, juu ya friji, pembeni ya kibodi, kwenye mkono wa sofa. Nimemgeuza nikiwa kwenye simu ya kikazi bila kumtazama.

Kwa hiyo watu wanaposema "huyo ni rahisi mno, hana kitu", mimi nauliza: hana kitu gani?

Tuanze na jinsi anavyogeuka, maana hapo ndipo utamu ulipo. Sehemu ya mbele ya gari ndiyo miguu. Unaishika boneti na kuivuta, miguu inateleza kutoka mwilini kwa msuguano mzuri wa plastiki juu ya plastiki, na boneti hiyohiyo inabaki kuwa nyayo. Paa la gari linakuwa kifua. Mikono imelala ubavuni, unaitoa nje. Kichwa kiko nyuma. Na sasa fikiria kidogo: Folksi ya kweli haina injini mbele, injini yake iko nyuma, mbele ni buti. Yaani mbunifu amekificha kichwa cha roboti palepale ambapo gari halisi huficha injini yake! Sijui kama alikusudia au ni bahati ya umbo, na wala sijali. Nilipoliona nilipiga meza.

Hakuna kipande kinachobaki kinaning'inia. Hakuna paneli ya kukunja mara tatu na kuisukumiza mgongoni ili isionekane. Kila sehemu ya gari ina kazi kwenye roboti, na kila sehemu ya roboti ilikuwa inaonekana kwenye gari kama ungejua pa kutazama. Katika vichezeo vya bei mbaya vya siku hizi, mara nyingi unapata roboti mzuri aliyebeba gamba la gari mgongoni, au gari zuri lenye roboti aliyekunjwa ndani yake kama shati sandukuni. Huyu ni kitu kimoja chenye mikao miwili.

Mpwa wangu wa kike, wa darasa la pili, alimwokota mezani bila kuuliza. Sikumwelekeza. Alimzungusha, akamchungulia chini, akavuta, na roboti akasimama. Akaniangalia kwa huruma.

"Mjomba, kumbe ni hivi tu?"

Ndiyo, mama. Ni hivi tu. Na kisha hakumrudisha hadi wakati wa kula.

Sasa njoo tuzungumze asili yake, maana bila kuijua utamhukumu vibaya. Hasbro haikumbuni Bumblebee. Alitoka Japani, kwa kampuni ya Takara, na alitoka kwenye ukoo tofauti na ule wa mkubwa wake Optimus Prime. Optimus alitoka kwenye mfululizo ulioitwa Diaclone, ambamo maroboti ni majitu makubwa na vijimadereva vidogo huketi ndani yake. Bumblebee alitoka Micro Change, tawi la ukoo wa Microman, lililoanza kuuzwa 1983. Na wazo la Micro Change ndilo lililonitoa machozi ya furaha nilipolielewa: humo, roboti hujificha katika kitu cha nyumbani chenye ukubwa wake halisi. Redio ya kaseti yenye ukubwa wa redio ya kaseti, ambayo baadaye ikawa Soundwave. Bastola yenye ukubwa wa bastola, ambayo baadaye ikawa Megatron. Hadubini. Kamera. Mambo unayoyakuta mezani kwa watu.

Na vigari hivi je? Vilitoka kwa jina la Mini CAR Robo, na havikukusudiwa kuwa magari ya barabarani hata kidogo. Vilikusudiwa kuwa magari ya kuchezea! Ndiyo maana ni vifupi na vinene: vimechongwa kwa mtindo wa Choro-Q, vigari vya Takara yenyewe ambavyo unavirudisha nyuma, unaviachia, vinachomoka. Roboti huyu alibuniwa ajifiche chumbani kwa mtoto, katikati ya vigari vingine, na hakuna atakayemshuku.

Hebu soma tena hapo. Ni kichezeo kinachojificha kama kichezeo! Yule Optimus wa rafuni anakuomba ujifanye kwamba lori la urefu wa mkono ni lori la tani nyingi. Bumblebee hakuombi kitu. Ukubwa wake ndio ukubwa wake. Ukimweka mezani kwako, yuko kwenye maficho yake ya kweli sasa hivi, kwa kipimo cha moja kwa moja. Mimi sijui kichezeo kingine cha bei yake chenye fikra safi namna hiyo, na ndiyo sababu nakataa katakata aitwe "rahisi" kwa sauti ya dharau. Wangemwongezea kiwiko na goti, na bunduki na kofia, wangeyaharibu maficho.

Hasbro walipomchukua na kumchanganya na majitu ya Diaclone, ukubwa huo ukawa tatizo: mbona huyu anamfika Optimus gotini? Kazi ya kutoa majina na wasifu wa wengi wao ilimwangukia Bob Budiansky, mhariri wa Marvel, na jibu lililochapishwa nyuma ya kadi ya Bumblebee ni la kupendeza: alipewa kazi ya upelelezi. Ni mdogo kwa sababu anaingia pasipoingia wenzake. Kasoro ya vipimo ikageuka kuwa tabia, na tabia hiyo ndiyo iliyobebwa na katuni iliyoanza mwaka huohuo, ambamo sauti yake ilikuwa ya Dan Gilvezan. Miaka yote hii, sinema zote hizi, na mhusika anayependwa kuliko karibu wenzake wote alizaliwa kwa sababu mtu alilazimika kueleza kwa nini kichezeo cha bei ndogo ni kidogo.

Haya, kasoro. Zipo, na mpenzi wa kweli huzisema.

Uso! Kama umekuja kutoka kwenye katuni, jiandae. Katuni ilimpa pembe mbili ndogo, macho ya upole na mdomo wa kuongea. Kichezeo kina uso wa mashine kavu, usio na habari na wewe. Kwa dakika za mwanzo nilihisi nimeuziwa binamu yake. Sasa nimeuzoea, na hata nauona unafaa kwa mpelelezi, lakini yeyote anayemtaka yule kijana wa televisheni atasononeka.

Pili, akishasimama, amesimama. Hana kiwiko, hana goti, hana kiuno cha kuzungusha, na hakuja na silaha yoyote. Wapiga picha wa vichezeo, wale wanaotaka roboti apige teke angani na vumbi litimke, huyu siye wenu. Mkao wake ni mmoja: mikono chini, kifua mbele, kama askari wa gwaride. Mimi napenda. Lakini sitamlaumu atakayechoka.

Tatu ni umri wenyewe. Miguu inayoteleza hulegea kwa matumizi, na ukimpata aliyechezewa sana, atakuinamia mbele kama aliyelewa. Huyu wangu mguu mmoja unashika vizuri na mwingine unateleza kirahisi, kwa hiyo nikimsimamisha kwenye kioo cha meza anapungua kimo upande mmoja taratibu. Nimemhamishia kwenye kitambaa na amani imerudi.

Kwa mnaofikiria kununua, hapa ndipo macho yafunguke, kwani soko lina kila kitu. Mgeuze tumboni kwanza. Picha ya muuzaji isiyoonyesha chini ya gari ni picha isiyokamilika, omba nyingine. Unatafuta maandishi ya Takara yaliyopigwa kwenye plastiki yenyewe, herufi zake zikiwa kali, hazijavimba kama zilizonakiliwa kwa kubonyezwa. Kisha matairi: je, ni mpira, na yamo yote manne? Mpira wa zamani hukauka ukapasuka, na mtu anaweza kuazima matairi ya kigari kingine, kwa hiyo angalia kama yanalingana. Halafu stika ya nembo ya Autobot, yaani ya upande wake, pale juu ya paa, ambayo roboti akisimama inakuwa kifuani. Hiyo huliwa na vidole vya watoto kabla ya kitu kingine chochote. Kuikuta ikiwa na kingo zake ni sherehe.

Kuna jambo la stika nyingine pia. Kuanzia 1985, Hasbro walianza kubandika kijistika cheusi cha mraba ambacho ukikisugua kwa kidole, joto lako linafichua nembo ya upande wa roboti. Kilikuwa mchezo kwa mtoto na kinga dhidi ya bandia kwa kampuni, kwa pigo moja. Basi mwenye kijistika hicho si wa toleo la mwaka wa kwanza, na muuzaji anayekuapia kuwa ni wa 1984 huku mraba mweusi unakutazama, mwombee heri na uendelee na safari.

Rangi nayo ina visa vyake. Bumblebee wa njano ndiye tunayemjua, lakini aliuzwa pia akiwa mwekundu. Na mwenzake Cliffjumper, Porsche 924 iliyobanwa vilevile, aliyejulikana kwa wekundu, aliuzwa pia akiwa wa njano! Wakorofi wa kiwanda hawakuishia hapo. Zaidi ya vigari sita vilivyopewa majina mwaka ule kulikuwa na cha saba, umbo la Mazda Familia, ambacho hakikuwa na jina wala wasifu wake kwenye Transformers, lakini kilipenya kikauzwa kwenye kadi za wenzake. Wakusanyaji wakakibatiza Bumblejumper. Fikiria wewe ni mtoto wa 1984, umefungua kadi ya rafiki yako mpendwa, ndani yumo mgeni kabisa. Leo mgeni huyo akiwa bado ndani ya kadi yake hutafutwa kuliko mwenye kadi.

Wenzake Bumblebee wengine wa mwaka ule nitawapitia mbio: Brawn ni gari la porini, Gears ni pikapu, Huffer ni kichwa cha lori, Windcharger ni Pontiac Firebird. Kati yao wote ningemchukua Huffer baada ya huyu, kwa sababu kichwa cha lori kilichobanwa kinachekesha hata kabla hakijageuka. Brawn ana uso wa ajabu. Tusonge.

Narudi kwenye Folksi, nisameheni, maana siwezi kuiacha. Kwa nini gari hili linatuchoma mioyo hivi? Zaidi ya milioni 21 zilitengenezwa hadi kiwanda cha Puebla, Mexico, kilipofunga hesabu 2003, na sehemu ya hizo zilikula vumbi la huku kwetu. Mashindano ya Safari, yaliyoanza 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yakikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika, yaliwahi kuchukuliwa na Folksi mwaka 1954, 1957 na 1962. Mgongo wa chura! Kwenye tope lililomeza magari yenye injini za kutisha! Kwa hiyo mtu wa Afrika Mashariki anapoambiwa kwamba kuna gari dogo, la duara, lisilotiliwa maanani, ambalo kumbe lina shujaa ndani yake, hashangai sana. Wazee wetu walimwona akipita Nairobi.

Ndiyo maana sinema ya 2018 iliyoongozwa na Travis Knight ilinikosha, kwa kumrudisha Bumblebee kwenye Folksi ya 1967 baada ya miaka zaidi ya kumi ya Camaro. Kwa muda mrefu Hasbro ilikuwa inampa miili ya magari mengine, vijigari vya kubuni na vya michezo, na jina la Volkswagen halikuwepo kwenye kasha. Hata hivyo, kabla ya sinema hiyo, mwaka 2014, Takara Tomy ilitoa toleo la kifahari, MP-21, kwa ruhusa rasmi ya Volkswagen: Folksi yenye vipimo vya kweli, roboti anayekunja magoti, uso wa katuni kamili. Ni kazi ya fundi mkubwa. Nimewahi kumshika wa rafiki yangu, nikamgeuza nusu, nikamrudishia mwenyewe amalizie.

Yupo pia Goldbug wa 1987, mwili mpya wa Bumblebee yuleyule, safari hii akiwa na mota ya kuvuta nyuma na kuachia. Kugeuka kwake ni kwepesi kuliko hata huku, na hapo ndipo hata mimi naweka mstari. Goldbug anakimbia vizuri sakafuni, lakini roboti wake ni gari lililosimamishwa wima likaambiwa lijitetee. Wepesi una mipaka yake, na wabunifu wa Micro Change waliijua ilipo: hatua chache, lakini kila hatua ibadilishe umbo kiasi cha kumfanya mtazamaji aseme "hee!"

Bei? Sitataja, kwa sababu inapanda na kushuka na kila muuzaji ana ndoto zake. Nitasema tu hivi: msimnunue aliye ndani ya kadi isiyofunguliwa kama mna nia ya kumgusa. Mtamwonea huruma mle ndani, naye mtamharibia thamani siku mikono itakapowashinda, na itawashinda. Tafuteni aliyekwisha kufunguliwa, mwenye miguu inayoshika, matairi yake manne na stika isiyokamilika. Mikwaruzo ya bampa achaneni nayo. Mkimpata msimweke dirishani kwenye jua la mchana, na msimwoshe kwa maji ya moto mkang'oa ile stika; mswaki laini uliolowa kidogo unatosha, vumbi la kwenye madigadi linatoka lenyewe.

Alama zangu? Gari: tisa kwa kumi, moja nimeikata kwa sababu mistari ya viungo vya miguu inaonekana kwenye boneti. Roboti: sita, na nimekuwa mkarimu. Kugeuka: kumi, kumi, kumi! Mkinibishia njooni, nitamtoa mfukoni na mumvute wenyewe, halafu tuone nani atamrudisha kwa hiari. Mpwa wangu amekwisha kuuliza kama kuna mwekundu. Nimemwambia yupo, na kwamba mjomba wake ameshaanza kuulizia.